Acheni kuniambia paka ana roho saba

Nitasema hivi na mtakasirika, na mkikasirika ni sawa, maana hata mimi nimekasirika. Paka niliowaona wakifa kwa vidonda hapa Mkomani hawakufa kwa vidonda vikubwa. Kidonda kikubwa kila mtu hukiona, kila mtu hupiga ukelele, na mtu wa kumsaidia atatafutwa. Waliokufa ni wa kidonda kidogo, kile ambacho mtu mwenye akili zake timamu alikitazama, akasema "aah, hiki kitapona chenyewe," akarudi kwenye simu yake. Mmoja wa watu hao ni mimi.

Kwa mlioingia hapa juzi: wiki iliyopita niliweka video ya sekunde kama arubaini. Napita uchochoroni nimebeba kikapu, ndani ya kikapu mna paka mwekundu anayetukana kwa lugha ya paka, na mimi nasema nampeleka kwa daktari. Basi. Sikumfundisha mtu, sikuomba mchango. Komenti zikaja kama mvua ya masika. "Watu wa Mkomani mna pesa za kuchezea." "Mamangu yuko foleni hospitali tangu alfajiri, wewe wapeleka paka." "Paka ana roho saba bana, muache." Na moja ikapata laiki nyingi kuliko video yenyewe: "Kidonda chenyewe kiko wapi? Mbona sikioni?"

Hilo swali la mwisho ndilo lililonikalisha kitako niandike. Hukioni. Ndiyo maana nilimpeleka.

Acha niwaambie kuhusu Bi Tatu, paka niliyekuwa naye kabla ya huyu. Hakununuliwa, kwani nani hununua paka Lamu? Alikuja mwenyewe kwenye daka letu siku ya mvua, akaamua hapa ni kwake. Miaka mitatu alilala juu ya mabegi yetu ya shule. Asubuhi moja nikamuona ana kitundu begani, kama kilichodungwa kwa sindano ya kushonea, na manyoya mawili matatu yameshikana kwa damu iliyokauka. Nikamwambia bibi. Bibi akasema, "Mtie mai ya munyu, mwanangu, paka ana roho saba." Mai ya munyu, kwa nyinyi wa Nairobi, ni maji ya chumvi. Na bibi kwa hilo la chumvi hakukosea, nitarudi hapo. Mimi ndiye niliyejifanya msomi nikatafuta Dettol.

Siku ya pili kitundu kimefunga. Tukafurahi! Siku ya tatu Bi Tatu hakuja kula kichwa cha changu, na huyo alikuwa paka wa kusikia kisu kikigusa ubao akiwa nyumba ya tatu. Tukasema ameshiba kwa jirani. Siku ya nne alikuwa chini ya kitanda, hatoki. Tukasema ni joto. Siku ya tano chumba kikaanza kunuka, tukadhani ni panya amefia kwenye boriti. Siku ya sita nikamvuta kutoka uvunguni: bega limefura kama limau, ngozi imegeuka nyeusi na imepasuka, na mwili una joto hadi nilihisi kupitia leso niliyomfunika. Alikufa kabla ya magharibi. Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ameacha kula tangu lini?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nilipofika kidole cha tatu nikanyamaza.

Kwa hivyo ukiniambia roho saba, mimi nakuuliza: zile sita za Bi Tatu zilikwenda wapi?

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wengi tunapokosea. Sisi twapima kidonda kama tunavyopima samaki sokoni, kwa ukubwa. Kikubwa kibaya, kidogo si neno. Kwa paka hesabu hiyo mara nyingi iko kinyume. Jino la paka ni jembamba na refu kama sindano. Paka dume akimng'ata mwenzake, jino linaingia moja kwa moja hadi kwenye nyama, linaacha vijidudu vilivyokuwa mdomoni, kisha linatoka. Ngozi ya paka hufunga upesi sana, pengine siku moja tu. Juu kumepona, chini kumefungiwa uchafu mahali penye joto, giza na nyama laini. Ni kama umefunga mlango wa duka la samaki umeme ukiwa umekatika. Baada ya siku mbili, tatu, nne, mfuko wa usaha umejaa, homa imepanda, na kama una bahati jipu linapasukia nje. Kama huna bahati sumu inaingia kwenye damu.

Lakini yule aliyekwaruzwa na ukuta wa tumbawe, mkwaruzo mpana, mwekundu, wa kutisha, uliovuja damu ukajiosha wenyewe? Akiwa anakula na kutembea, huyo pengine hahitaji daktari hata kidogo. Na ndiye anayepigiwa kelele mtaa mzima.

Basi wewe mwenye kuuliza kidonda kiko wapi, umeuliza swali la pili kabla ya la kwanza. Swali la kwanza ni: paka yuko vipi? Paka ni mwongo. Hata akiwa na maumivu ya kukuliza wewe siku nzima, yeye atanyamaza tu. Anachofanya ni kujificha na kuacha kula. Kwa hivyo mtilie chakula anachokipenda kuliko vyote, si mabaki ya wali, mtilie kichwa cha samaki chenye harufu ya kuita watu wa Langoni. Akikitazama akageuza uso, hiyo ni habari kubwa kuliko damu. Paka mzima aliyejeruhiwa akikaa siku moja bila kula, saa ishirini na nne, mimi sihesabu tena, nabeba kikapu. Akiwa mdogo, mtoto wa miezi miwili mitatu, sisubiri hata hizo. Na msidhani njaa yenyewe haina madhara: paka akikaa siku kadhaa bila kula, hasa aliyenona, mafuta huanza kujazana kwenye ini, na hapo una magonjwa mawili badala ya moja.

Halafu mguse, pole pole, mwili mzima, chini ya manyoya. Hasa kichwani na shingoni, miguu ya mbele, na karibu na mkia, maana anayepigana akiwa amesimama huumwa mbele, na anayekimbia huumwa matako. Sehemu yenye moto kuliko nyingine, iliyofura, au anayokuzomea ukiigusa: hapo. Fungua mdomo wake utazame ufizi. Uwe wa waridi. Ukiwa mweupe kama karatasi, au wa buluu, au kahawia, hiyo si ya kesho asubuhi, ni ya sasa hivi. Na paka anayepumua mdomo wazi ulimi nje kama mbwa, tena amekaa kivulini hajakimbia popote, vilevile ni sasa hivi.

Kuna vidonda ambavyo sina mjadala navyo, hata paka awe anakula kama bwana harusi. Jicho: usiku mmoja tu wa kusubiri unaweza kuwa jicho zima. Kifua na tumbo, kwa sababu hujui jino au msumari umefika wapi ndani. Kidonda kwenye kiungo. Kidonda kilichoachama hadi unaona nyama. Hicho kikiwahiwa ndani ya saa chache chashoneka vizuri, kikichelewa kinabaki kuachwa wazi kipone taratibu wiki na wiki. Damu isiyokoma baada ya kukandamiza kwa kitambaa safi dakika tano hadi kumi, na nikisema kukandamiza namaanisha kukandamiza, si kufungua kila sekunde kuchungulia. Aliyeanguka kutoka paa la ghorofa mbili, hata kama ametua akatembea. Na kidonda chenye mayai ya nzi. Kwa joto letu hili nzi hawangoji: leo mayai kama punje nyeupe, kesho funza. Nimeona watu wakimimina petroli. Petroli, jamani, kwenye nyama iliyo hai! Hebu jitie wewe kwanza utuletee habari.

Na kuna moja ambayo mabloga wa paka wa Marekani hawatawaambia kwa sababu hawaishi kwenye ukingo wa bahari kama sisi. Ndoana. Paka wa gatini wanakula chambo, wanakula matumbo ya samaki, na wakati mwingine ndani mna ndoana na pande la mshipi. Ukimuona paka anadondosha mate, anajipangusa mdomo kwa mkono bila kukoma, na uzi unaning'inia, usiuvute! Nakuomba kwa Mungu usiuvute. Ndoana ina ncha ya kurudi, ukivuta unachana koo. Na ule uzi ukiwa umeshaingia tumboni, kuuvuta, iwe kutoka mdomoni au umeona unatokea nyuma, unaweza kuukata utumbo kama mshipi unavyomkata mvuvi kiganja samaki mkubwa akikimbia. Usiukate mfupi pia, ukamezwa wote. Mviringishe paka kwenye leso, kichwa kibaki nje, umpeleke na uzi wake.

Sasa tuje kwa madaktari wa mtaani, na hapa nitasema kwa ukali.

Panadol. Kuna mtu aliniandikia ndani kwamba paka wake alikuwa na homa ya kidonda akampa nusu kidonge "kumpunguzia." Nusu kidonge cha Panadol ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama letu; dawa inabaki, inaharibu damu, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka kahawia, uso unafura, na paka anakufa akipambana kuvuta pumzi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kuua paka mzima. Brufen nayo iko kwenye orodha hiyo hiyo. Kama umeshampa, usione haya ukanyamaza, kimbia kwa daktari na useme ukweli umempa ngapi na saa ngapi, kwa sababu dawa ya kupambana nayo ipo na muda ndio kila kitu.

Dettol, ile niliyomtia Bi Tatu. Inanukia usafi, najua, mama zetu wametulea nayo. Lakini inaunguza ngozi ya paka, na paka hujilamba, kwa hivyo chochote unachompaka umemnywesha. Ukitaka sheria moja ya kushika kichwani shika hii: usimpake paka kitu ambacho usingekitia kwenye chai yake. Haidrojeni peroksaidi inayotoa povu mnayoipenda kwenye video? Povu hilo linaunguza hata nyama mpya inayojaribu kuota. Unga wa kapsuli ya antibaiotiki iliyobaki ya babako? Kipimo si chake, dawa pengine si yake, na juu umepaka simenti mahali panapotaka kutoa usaha. Majivu, kahawa, mafuta ya taa, dawa ya meno juu ya kidonda cha moto… acheni. Paka akiunguzwa na mafuta ya kukaangia, maji ya kawaida ya mfereji juu ya hapo, dakika kumi na zaidi, kisha kwa daktari.

Maji ya chumvi ndiyo, bibi alipatia. Chemsha maji, yapoe, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, koroga, mwagia juu ya kidonda au panguza kwa kitambaa safi mara mbili kwa siku. Si maji ya bahari. Ya bahari yana chumvi nyingi mno, na sote twajua mitaro yetu inamwaga wapi. Mfungie ndani, asirudi paani kupigana duru ya pili. Akijilamba kupita kiasi mkatie kadibodi umvishe shingoni, atakuchukia, sawa. Kwa mkwaruzo wa juu juu kwa paka anayekula, hiyo ndiyo tiba nzima na haikugharimu hata shilingi kumi. Piga picha kila asubuhi, mahali pale pale. Macho yako yatakudanganya, utaona kesho kama leo. Picha ya siku ya kwanza na ya tatu zikikaa pamoja hazidanganyi. Kama kimepanuka, kimefura, kinanuka au kinatoa maji mazito, safari.

Nimesikia tayari mnachotaka kusema. Pesa.

Hili sitalipita kwa mbio, kwa sababu yule aliyeandika kuhusu mamake kwenye foleni hakukosea kuumia. Mimi pia nimekaa kwenye foleni hiyo na mamangu. Siwezi kumwambia mtu mwenye mgonjwa nyumbani atoe pesa ya dawa ya mtu ampe paka, na yeyote anayekwambia hivyo hajawahi kukosa. Lakini tazameni hoja ilivyogeuzwa. Kwanza, karibu kila nililoandika hapo juu ni bure. Kutazama ufizi ni bure. Kutompa Panadol ni bure kuliko kumpa. Pili, hao wengi wanaoniambia hakuna pesa siwaoni kwenye foleni yoyote. Nawaona kwenye baraza wakinunua bando ya pili ya siku. Tatu, jipu lililowahiwa ni kupasuliwa, kuoshwa na dawa za siku chache. Jipu la siku ya sita ni kulazwa, drip, ngozi iliyokufa kukatwa, na pengine bado unamzika. Anayechelewa kwa kuogopa gharama anakwenda kuikuta gharama kubwa zaidi inamngoja mlangoni. Piga simu mapema uulize bei. Sema huna yote. Watu hukubaliana.

Na kuna uamuzi mwingine ambao hatutaki kuutaja. Wakati mwingine daktari atasema huyu haponi, tumpumzishe. Huo nao ni msaada. Kumwacha siku sita chini ya kitanda kwa jina la "amuachie Mungu" si kumuachia Mungu, ni kutotaka kutazama. Sote tumesoma madrasa, sote twakijua kisa cha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Twakisimulia vizuri sana. Hata serikali imeandika: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimsamehi mwenye mnyama anayemwacha ateseke bila sababu.

"Lakini si paka wangu, ni wa mtaa." Ahaa. Huyu niliyempeleka, Kashata, naye alikuwa wa mtaa hadi nilipompa jina. Wewe je? Unamtilia vichwa vya samaki. Unamjua mamake. Unamfukuza kwa jina. Umempiga video amelala juu ya baraza, ukaweka na muziki, ukapata wafuasi mia mbili. Wa kurekodiwa ni wako, wa kutibiwa ni wa mtaa? Mji mzima tuko hivyo. UNESCO ilituweka kwenye orodha yake 2001, wageni wanakuja kupiga picha milango na paka, tunawauzia hadithi tamu kwamba hawa ni wa ukoo wa Mafirauni. Firauni gani analala na usaha mbele ya duka?

Punda wamepata watu wa kuwatetea. The Donkey Sanctuary ya Uingereza ilifungua kituo chake hapa Lamu 1987, na leo mwenye punda ana kidonda cha tandiko anajua pa kwenda, na hachekwi. Hakuna anayemwambia "punda ana roho saba." Kwa nini? Kwa sababu punda hubeba mchanga na mawe, akilala na wewe hupati kitu. Paka je, hafanyi kazi? Nyumba za mawe zenye boriti na nyufa, maduka ya nafaka, ghala za Usita wa Mui, na hakuna paka: jaribuni mwezi mmoja mnipe habari za panya. Kliniki ya paka nayo ipo mjini, Lamu Animal Welfare Clinic. Wengi wenu mwaijua kwa kuwafunga uzazi paka tu, na hilo nalo mwalipigia kelele. Dume aliyefungwa uzazi hupigana kidogo, huzurura kidogo. Nusu ya hivi vidonda tunavyobishania ni vita vya madume juu ya mapaa usiku, na hayo meno hayapandi usaha peke yake. Kuna virusi vinavyoua kinga ya paka ambavyo njia yake kubwa ni kung'atana.

Na kama paka hakugusi moyo kabisa, basi jipende wewe. Paka mwenye maumivu huuma mkono unaomsaidia. Akikuuma au kukukwaruza hadi damu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona kama kitafura. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake, paka hukibeba, na dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo la kukimaliza kufikia 2030, na hakitamalizwa na watu wanaopaka kitunguu saumu kwenye jeraha. Paka mgeni, anayeumauma ovyo, anayetembea kama mlevi: usimkamate, ita wanaojua.

Sasa Kashata. Alhamisi usiku kulikuwa na vita juu ya paa, mnajua ile sauti ya mtoto anayelia lakini si mtoto. Ijumaa asubuhi nikamuona na kitundu karibu na mkia, kidogo kuliko punje ya mchele. Mjombangu akakitazama akacheka: "Hiki nacho?" Alikula kidogo. Jumamosi alfajiri nikamwekea changu mzima, si kichwa, changu mzima, akanusa akaondoka. Nikagusa matako, moto. Nikachukua kikapu, nikawasha kamera, sehemu iliyobaki mmeiona.

Daktari aliponyoa manyoya vilikuwa vitundu vinne, si kimoja. Akapasua chini ya sentimita moja, na kilichotoka siwezi kukiandika mkiwa mnakula. Mjombangu alikuwepo, akaenda kusimama nje. Kashata amerudi na mpira mwembamba wa kutolea usaha, matako yake hayana nywele na yeye anajua hayana nywele, hatazami mtu. Jana usiku alikula samaki wake, wa bibi, na nusu ya wangu. Kesho saa tatu asubuhi twarudi kuutoa mpira, na wiki mbili zijazo ana miadi nyingine ambayo bado sijamwambia.